Swali la Msikilizaji wa Tukuyu

Waliohamia Mirihi hawakuruhusiwa kupiga simu nyumbani. Sauti zao zilifika duniani kwa kipindi kimoja tu cha redio, cha elimu ya anga. Mtangazaji wake alikuwa mmoja wao, Atuganile, na mama yake, Bi Tusekile wa Tukuyu, alituma swali kila wiki kama msikilizaji mwingine yeyote.

Safari hii aliuliza kama watu wa huko hutamani ndizi za kuchemsha.

"Tunazitamani sana," Atuganile alijibu akicheka, "hasa sisi tuliojifungua. Nimepata binti juzi, wasikilizaji. Nimemwita Tusekile."

Bi Tusekile alipiga vigelegele hadi majirani wakaja mbio wakidhani kuna posa. Walicheza uani, na mumewe akachinja jogoo.

"Sasa wiki ijayo utauliza nini?" mumewe alimuuliza wakati wanakula.

Bi Tusekile alitaka kuuliza kama mtoto aliyezaliwa Mirihi angeweza kusimama kwenye mvutano wa dunia. Lakini jibu alilijua: mifupa yake isingeuhimili. Atuganile mwenyewe aliwahi kulieleza kipindini, nao wakalisikiliza kama elimu tu.

"Nitauliza huko watoto wanabembelezwaje," alisema, akamwongezea mchuzi.