Mkeka wa Sista Driciru

Kitendawili, mjukuu wangu: aliingia mmoja, wakatoka wawili. Usinipe mji upesi.

Mwaka 1974, mjini Koboko, uchungu ulinishika mlangoni pa wodi ya wazazi. Mtoto wangu wa kwanza alifia nyumbani, na bado niliogopa kuingia. Ndani ilikuwa amri kuzaa chali kitandani. Sisi huzaa tumepiga magoti, mama mkwe ametushika mgongo.

Sista Driciru, mkuu wa wauguzi, akatandika mkeka sakafuni, akamwita mama mkwe. Nikaingia, nikapiga magoti.

Daktari mgeni akafika. "Sista! Hii mkeka iko hapa kwa ruhusa ya nani?"

Viganja vya Sista vilikuwa vimepokea kichwa chenye nywele zilizolowa.

Mama yako akalia.

Sista akamfuta, akamlaza kifuani kwangu, ndipo akageuka.

"Ya kwangu, daktari. Kesho tunaongeza ingine."