Kiitikio cha Mwenyekiti

Nilipofika kwenye jina la mjukuu wangu, maikrofoni ilikufa.

Niligeuka. Mwenyekiti wa parokia alikuwa ameketi kando ya mashine ya sauti, kidole chake kinene bado kimeganda juu ya swichi, kama mtu anayemkandamiza mende asije akafufuka.

Kabla ya Misa alikuwa ameniambia, "Bibi, kwenye maombi taja wagonjwa na mvua. Huyo wako ni siasa. Mwenye kiwanda ndiye aliyetuezekea kanisa."

"Mtoto kasema redioni maji ya kiwanda yanatuua, wakamfunga," nilimjibu. "Bwana alituagiza tuwatazame wafungwa. Hakusema tuanze kwa kuomba ruhusa ya mwenye bati."

Kitendawili: nyumba yangu imejaa watu, lakini ukibisha hodi hakuna wa kuitika. Jibu lilikuwa mbele yangu: kanisa zima, wote wanatazama viatu vyao, hata padre.

Nikavuta pumzi. Meno yamekwisha, lakini koo ni lile lile nililoitia mbuzi mabondeni.

"Tumwombee mjukuu wangu, aliyefungwa kwa kusema kweli. Ee Bwana!"

 Kiitikio cha ombi hilo hata watoto wadogo wanakijua, lakini midomo ilibanwa. 

Ndipo, kwa mazoea ya miaka yote ya kuongoza sala, sauti nene ikanguruma kutoka kando ya mashine:

"Twakuomba utusikie!"

Mwenyekiti akajiziba mdomo kwa mkono ule ule wa swichi, lakini maji yalikuwa yameshamwagika.

Nikaita tena, "Ee Bwana!"