Pedi za Kathini

Jozi ya kwanza ya pedi za kukinga miguu ilimbana Kathini. Ya pili ilikuwa ngumu kama ubao. Alikunja suruali mpaka juu ya goti na kuanza kufunga ya tatu, ya ngozi iliyojazwa sponji nene, palepale nje ya kibanda cha fundi wa viatu. Chini ya goti ngozi yake ilikuwa imechubuka na kuwa nyekundu, mahali ambapo vyuma vya kupandia miti vilikuwa vikimsugua.

Vyuma hivyo, ambavyo sasa alivifunga juu ya pedi, vilikuwa vya mumewe. Tangu mume aumie mgongo, Kathini ndiye aliyekata matawi ya miti ya watu hapa mjini Kabati.

"Funika miguu, shemeji," ndugu wa mumewe alisema, akijitokeza kati ya watu waliosimama kutazama. "Unatuaibisha. Hivyo vyuma nipatie. Ni vya ndugu yangu."

"Na hii miguu ni ya nani?"

Watu walicheka. Shemeji hakucheka. Aliinama kushika mkanda wa vyuma mguuni mwa Kathini.

Kathini alimpita akaenda kwenye mkaratusi uliokuwa kando ya kibanda. Alizungusha kamba kwenye shina, akachoma mwiba wa chuma kwenye gome, akauegemea mguu uliochubuka kwa uzito wake wote. Sponji ilibonyea, ikatulia juu ya mfupa. Maumivu hayakuja.

"Shuka! Nimesema shuka!" shemeji alifoka kutoka chini.

"Fundi," Kathini aliita bila kutazama chini, "hizi ndizo nachukua. Usizifunge kwenye karatasi, naenda nazo kazini."

Akainua mguu wa pili.