Robo Tatu ya Damu

Melkior alikata jani la isale kwenye mpaka wa shamba, akalisweka ndani ya koti haraka haraka kama mtu anayejiibia mwenyewe. Kule Masama kila mtu anajua maana yake. Anayeleta isale amekuja kuomba msamaha, na anayeletewa hamfungii mlango.

"Hilo limekauka ncha," mkewe Kornelia alisema kutoka jikoni. "Kata lingine."

Akakata lingine. Mzee mwenye mvi zake, mwenyekiti wa jumuiya, leo anatumwa jani kama mtoto! Aibu ilimchoma mpaka masikioni.

Maneno yalikuwa yameanzia kwa mbwa. Melkior alikuwa na mbwa jike wa mbio, Nyota, nusu grehaundi, nusu mbwa wa kijijini, mweusi tii. Jumapili, kwenye uwanda ulio chini ya Sanya Juu, mbwa hufukuzishwa kitambaa kinachovutwa na pikipiki, na huko Nyota hakuwa na mpinzani ila dume wa Kuldip Singh, mwenye duka la vipuri mjini Moshi. Dume huyo alikuwa grehaundi kamili, naye mweusi. Wenye mbwa wakakubaliana, Nyota akapelekwa kukaa uani kwa Kuldip mpaka apandwe.

Basi Melkior akatamba. Nusu kutoka kwa baba, robo kutoka kwa mama, watoto watakuwa robo tatu! Kila aliyekunywa naye mbege siku hizo alisikia hesabu hiyo mpaka akachoka.

Nyota akazaa. Weusi watupu, wembamba, na mmoja mweupe kama maziwa, pua ya pinki. Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Robo tatu ya nini hiyo?

Melkior alimtia yule mweupe kikapuni, akateremka mjini, akasimama katikati ya duka mbele ya wateja.

"Huyu si wa damu hii," alisema. "Mama mweusi, baba mweusi. Hapa ameingia mwingine."

Maneno yalimtoka bila kujikwaa, kama mtu aliyekwisha kuyazoea.

Kuldip hakukasirika, na hilo ndilo lililomuumiza Melkior baadaye. Alimwagizia chai, akampeleka uani. Kivulini alikuwa amelala grehaundi jike mzee, mweupe, pua ya pinki.

"Mzee Melkior, huyu ndiye mama wa dume wangu. Na baba yake Nyota alizaliwa na huyuhuyu. Wanawe wote walitoka weusi, lakini weupe wake wamebeba ndani. Umejificha tu."

"Mimi nilihesabu robo tatu."

"Na hukukosea. Ila robo tatu haikuambii mtoto atapewa kipi. Kila mzazi anatoa nusu ya alicho nacho, na nusu ipi, hachagui. Weupe huu hautokei mpaka baba awe ameubeba na mama awe ameubeba. Ukikutana kwa mtoto mmoja, ndiyo huyu."

Melkior aliuliza, "Upande wa mama peke yake hauwezi?"

"Hauwezi kabisa. Lakini mtazame miguu, ya baba yake mtupu! Rangi haikimbii, mzee."

Melkior alikiweka kikombe chini kabla ya kukimaliza, akaondoka bila kuaga.

Alipofika nyumbani alimpigia simu Calvin, mwanawe wa kwanza, aliyehamia Kiboriloni. Haikupokelewa, kama ilivyokuwa tangu Pasaka. Akakaa na jambo lile likimtafuna, asiende kilabuni, asimtazame mtu usoni. Mwisho akamsimulia Kornelia. Kornelia aliacha kumenya ndizi.

"Rudia hapo," alisema. "Hapo pa pande mbili."

Akarudia. Ndipo Kornelia alipomtuma kukata isale.

Sasa alimkabidhi na hotpoti ya mtori. "Ulisema mbele ya watu. Ukikuta watu, omba msamaha mbele yao."

"Nitaanzaje, Mama Calvin?"

"Anza kwa kupiga hodi."

Jirani yao Sylvanus alikuwa akipeleka ndizi soko la Kiboriloni, akampakia mbele kwenye pikapu. Habari ya dukani kwa Kuldip alikuwa nayo, kama kijiji kizima. Akanusa hotpoti.

"Mtori wa nyama, mzee? Kuldip si hali ng'ombe?"

Melkior alitazama nje. Alikuwa akipanga maneno. Nilikosa. Nilikudhalilisha. Kila alilolishika aliliona dogo, akalitupa. Alijiona mjinga, na mwoga pia, maana moyoni alikuwa akiomba gari liharibike.

Mjini wakafika kwenye duka la vipuri. Kuldip alikuwa mlangoni, akapunga mkono akicheka. Sylvanus akakanyaga breki.

"Usisimame," Melkior alisema. "Twende mpaka Kiboriloni."

Ilikuwa nyumba ya kupanga, nyuma ya soko, na wapangaji walikuwa wakifua uani. Melkior alipiga hodi. Mlango ulipofunguliwa alikuwa amekwisha kupiga magoti, isale mikononi, mbele ya Salvina, mke wa Calvin, aliyembeba mtoto mwenye ualbino. Mtoto ambaye Melkior, siku ya ubatizo, alimkana mbele ya ukoo mzima kwamba si wa damu hii.

Salvina alilitazama jani kwa muda, akalipokea. "Melkior," alimwambia mtoto, kwa jina lilelile ambalo mzee alikataza apewe, "babu yako amekuja."