Mtutu Uliokatwa

Tangu asubuhi Lukresia, msajili wa silaha wa wilaya, alikuwa amekwishakagua bunduki ishirini na tatu, na mgongo ulikuwa unamuuma. Ya ishirini na nne ililetwa na mzee Ngwandu, mfugaji wa mbuzi. Ilikuwa fupi kama mkono, ya kukokiwa kwa wenzo ulio chini ya kifyatulio.

"Ni bastola, mwanangu," mzee alisema. "Niliinunua hivi hivi."

Sheria ilikuwa wazi. Iliyotoka kiwandani ikiwa fupi ni bastola, na inapewa kibali. Iliyokuwa ndefu ikakatwa ni kosa, na mwenyewe anafungwa. Lukresia alipitisha kidole kwenye mdomo wa mtutu, akahisi mikwaruzo ya tupa.

"Nani aliikata, baba?"

Mzee alishika bega lake la kulia. "Mimi. Bega limekufa, ikiwa ndefu siwezi kuiinua tena. Na fisi wamezidi."

Lukresia hakuwa na nguvu ya kumkaripia. Aliandika kwamba mzee ameisalimisha silaha kwa hiari yake, maana anayesalimisha hashtakiwi.

"Kwa hiyo naenda nayo?"

"Inabaki hapa, baba. Wewe nenda nyumbani."

Mzee alimshukuru kwa sauti ndogo, akatoka. Kupitia dirisha Lukresia alimwona akiinama kando ya barabara, akiokota mawe kwa mkono wa kushoto, akiyapima uzito kama ya kumrushia fisi, na kuyatia mfukoni mwa koti, moja baada ya jingine.