Mama wa Kitabuni

Mwalimu wa misheni pale Gulwe alipomaliza kuwasomea wanawake kitabu cha ukoo mmoja wa Udachi, yaani Ujerumani, ambamo mama anamtoa mwanawe wakati wa njaa, wengi walifuta machozi. Wengine waliguna kwamba ni uongo mtupu.

"Mama gani amtoe mwanawe kwa kikapu cha ngano?" Anyesi alisema.

"Wewe njaa huijui," mama yake alidakia kwa ukali. "Alimtoa mmoja ili wengine wapone."

Anyesi alimtazama. Mama hakuwahi kubishana na mtu hadharani. Sasa vidole vyake vilikuwa vimeganda ndani ya ungo, juu ya uwele aliokuwa akiuchambua.

"Mama," aliuliza polepole, "sisi watatu tu ndio uliotuzaa?"

Mama hakuinua macho.

"Alikuwa wa kike," alisema. "Ndiye aliyekuwa akikubeba mgongoni."