Katuni ya Bure

Usijifanye hukuwepo. Jumapili ile ya miaka ya ruksa ulikuwepo, umekaa juu ya gunia tupu, mdomo wazi, macho kwenye televisheni ya kwanza kijijini. Na jana ulikuwepo tena, mtu mzima na ndevu zako.

Jana Stanley, anayeutaka udiwani, aliwarudishia utoto wenu. Kaseti ileile, ofisi ileile ya ushirika iliyopakana na ghala.

"Mnaikumbuka hii?" akauliza. Watu wakaguna kwa raha.

Jesca alikaa karibu na mlango. Shikamoo yake hakumpa. Alikuja kumtazama usoni huyo aliyesimama mahakamani, enzi hizo mwenyekiti wa ushirika, akamwita baba yake mwizi.

Baba yake, Petro, alikuwa mlinzi wa ghala. Jumapili hiyohiyo Stanley alimtuma Ikungi kufuata dizeli. Aliporudi jioni, mashine ya kukamua alizeti haipo. Akasema imebebwa mchana. Hakimu akacheka: mashine nzito vile ipakiwe mchana kweupe, kijiji kizima kisisikie? Petro alifia gerezani. Stanley leo anakamua alizeti mjini.

Katuni ikaanza. Paka akamkimbiza panya. Akajigonga ukutani. Akatwangwa kikaango.

"Hivi ndiyo hii iliyotuvunja mbavu?" Kefa alimnong'oneza Redempta.

"Tulikuwa hatujaona kitu, kaka yangu. Hata redio tulikuwa tunaichungulia nyuma tumtafute mtu."

"Ngoja lori lije."

"Ee, lori. Linavyonguruma paka akisagwa! Wewe si ulijikojolea?"

"Nani asingejikojolea? Ukuta ulitetemeka, vumbi likatumwagikia kichwani."

Jesca akajikuta naye analisubiri. Katika utoto wake wote, lori lile ndicho kitu pekee ambacho Stanley hakuwa amekitia uchungu.

Panya akala mkate wake. Paka akalala. Maandishi ya Kizungu yakapanda, kisha chenga tupu.

"Mbona lori halijaja?" Kefa akauliza kwa sauti.

"Mmechanganya na nyingine," Stanley akasema, akichomoa kaseti.

"Nyingine ipi, mzee?" Redempta akamjibu. "Ulituonyesha hii moja, siku moja, ukaondoka na televisheni yako. Irudishe mwanzo."

Stanley akasema muda umekwenda, ana mkutano Mungaa. Kefa akaichukua kaseti mkononi mwake, kwa adabu kabisa, akairudisha mwanzo.

Paka. Panya. Kikaango. Mkate. Chenga.

Hakuna aliyecheka. Kwenye katuni ile hakuna lori, na halijawahi kuwemo.

Jesca yuko kituo cha polisi tangu asubuhi. Wamemuuliza ni nani mwingine aliyelisikia. Vaa viatu.